Mwalimu Ndani ya Santuri

Vijiweni utasikia maneno haya: ati kijana wa Litumbandyosi, kule Mbinga, akijifunza gitaa la Kihispania kwa masomo ya intaneti ataambulia noti tu, roho ya muziki ataikosa. Mwalimu yuko mbali, hamshiki mkono. Maneno hayo yanauma, maana yanatuambia kwamba aliye mbali na mji yuko mbali na sanaa. Hebu tuyapime kwa historia.

Tuanze jirani. Mwambao wa Ziwa Nyasa una ngoma ya mganda. Ilizuka enzi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, watu walipoziiga bendi za askari wa mkoloni. Tarumbeta hawakuwa nazo, wakapuliza vibuyu. Wakachukua mwendo wa gwaride, halafu wakautia madaha yao wenyewe. Leo nani atasema mganda si wa kwetu?

Gitaa nalo lilisafiri hivyo hivyo. Kuanzia miaka ya 1930, santuri za GV zilileta muziki wa Kyuba Kongo na Afrika Mashariki. Mwaka 1948, Salum Abdallah alianzisha bendi mjini Morogoro, ikaja kuitwa Cuban Marimba. Jina linajieleza. Kyuba ilikuwa ng'ambo ya bahari, lakini sauti yake ilizunguka juu ya gramafoni, na vijana wakaimba mapenzi na maisha yao kwa Kiswahili.

Kisha akaja Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa 1930, wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi. Kati ya nyimbo zake ulikuwamo Masanga. Kidole gumba kilitembeza besi, cha shahada kikapita juu yake na sauti nyingine, ukadhani wanapiga watu wawili. Santuri zake zilienea mbali, zikawa darasa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja Nairobi, lakini mpigaji wa kijijini alibaki na mwalimu yule yule: santuri na redio.

Huko London, mtaalamu David Rycroft aliusikiliza upigaji wa Bosco na kuuandika kwa noti, akachapisha kazi hiyo mwaka 1961 na 1962. Kilichoonekana ni kwamba Bosco hakujirudia kama mashine. Wimbo ulikuwa njia, naye kila safari alipita kwa mwendo wake. Basi aliyenakili santuri neno kwa neno alipata safari moja tu. Aliyeijua njia aliweza kutembea mwenyewe.

Ndivyo ilivyo hata kwa kazi za Francisco Tárrega, Mhispania aliyefariki 1909. Karatasi inakupa noti na alama chache. Haikuambii uchelewe kiasi gani kabla ya noti ya mwisho, wala uzito wa kidole uwe upi pale huzuni inapogeuka kuwa faraja. Mwalimu wa video atakuonyesha kwake yeye. Sikiliza na mwingine, na wa tatu, uone wanapotofautiana. Hapo wanapotofautiana ndipo penye nafasi yako. Imba sauti ya juu kwa mdomo kabla ya kuigusa; pumzi yako itakuambia sentensi inaishia wapi.

Kweli, video haikusikii ukikosea. Lakini santuri nayo ilikuwa kiziwi. Tena wewe una kitu ambacho kijana wa 1952 hakuwa nacho: simu hiyo hiyo inakurekodi. Jirekodi leo, lala, kesho jisikilize kama unamsikiliza mtu mwingine. Halafu wapigie watu wa nyumbani. Wakinyamaza na kutega sikio, umefika. Wakianza kupiga soga, rudi kwenye nyuzi.

Na sisi tunaojaribu kuandika tusijione tuko pembeni. Shaaban Robert alifariki 1962. Wengi wetu tumefundishwa naye bila kumwona, na hakuna kati yetu aliyesahihishiwa daftari na mkono wake. Umbali haukutunyima roho. Umetulazimisha kuitafuta ya kwetu, na hiyo, rafiki yangu, hakuna mwalimu wa mjini anayeweza kukuazima.