Kuamka Ndani ya Ndoto

Wazee husema kwamba usingizi ni nusu ya mauti. Alalaye huonekana kuwa ameacha mamlaka yote juu ya nafsi yake, akachukuliwa na njozi kama jani lichukuliwavyo na maji. Walakini tangu kale wamekuwapo watu waliojua, hali wangali usingizini, kwamba waota. Yafaa tutazame jinsi habari hiyo ilivyotoka katika masimulizi ikawa ufundi wa kufundishika.

Ushuhuda mmoja wa kale watoka katika bara letu. Mnamo mwaka 415 Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika barua juu ya Gennadius, tabibu wa Kartago aliyepata kuwa na shaka juu ya uhai baada ya kifo. Usiku mmoja aliota kijana akimwongoza mpaka mjini. Usiku wa pili kijana akarudi, akamwuliza kama mji ule aliuona akiwa macho au usingizini. Akajibu, usingizini. Akaulizwa mwili wake u wapi sasa. Akajibu kwamba umelala kitandani. Augustino aliona humo hoja ya roho. Sisi twaona na mbinu pia: swali ndilo lililomwamsha tabibu ndani ya ndoto yake.

Mwaka 1867 Mfaransa Hervey de Saint-Denys alichapisha kitabu juu ya njia za kuongoza ndoto. Yeye alianza kuandika ndoto zake tangu ujana, na mazoea hayo ndiyo yaliyomfungulia mlango. Mwaka 1913 Mholanzi Frederik van Eeden alieleza ndoto zake 352 za namna hiyo. Bado wataalamu wengi walishuku, mpaka Aprili 1975, katika Hull, Uingereza, Keith Hearne aliponasa kwa mitambo ishara za macho alizozitoa Alan Worsley kwa makusudi akiwa katika usingizi. Muda si mrefu Stephen LaBerge akapata ushahidi kama huo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

Mbinu zilizobaki baada ya kupimwa ni chache, wala hazina uganga. Kwanza, andika ndoto mara uamkapo. Pili, mchana jiulize kwa dhati kama u macho, ili swali likufuate usingizini. Tatu, amka baada ya saa tano hivi za kulala, azimia moyoni kwamba utakapoota tena utatambua, kisha ulale. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2017 liliona kwamba waliounganisha mbinu hizi walifaulu katika asilimia 17 hivi ya siku. Na waliopata usingizi ndani ya dakika tano baada ya kuazimia, karibu asilimia 46. Basi siri ni nia inayokaa karibu na usingizi.

Mtu wa Kikatiti, kando ya barabara ya Arusha na Moshi, atacheka akisikia kwamba kuamka kabla ya mapambazuko ni ugunduzi. Jogoo la kwanza humwamsha bila mtambo. Lakini yeye huamka aende shambani, wala si busara kumnyang'anya usingizi mchovu kwa ajili ya mchezo.

Faida iko penginepo. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, wakaelekezwa King'ori, si mbali na Kikatiti. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao mpaka Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi yaweza kudaiwa barazani. Lakini moto unaorudi usiku katika ndoto hudaiwa wapi? Utafiti mdogo wa Uholanzi wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waliofundishwa kutambua ndoto walipungukiwa na ndoto za kutisha. Hiyo ndiyo thamani ya elimu hii: si kumfanya mtu mfalme wa njozi, bali kumwezesha aliyeonewa mchana asionewe tena usiku.