Pombe Mazinde: Kutoka Ghalani hata Dirisha la Mshahara

Mazinde ni mji mdogo ulio chini ya milima ya Usambara, katika nchi ya Korogwe, mahali ambapo uwanda wa bonde la Pangani unakutana na miguu ya milima. Apitaye leo kwa barabara ya Mombo kwenda Same aweza kuupita asiutambue. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 19 jina lake lilijulikana kwa kila msafiri wa njia ya Pangani na Kilimanjaro, kwa kuwa ndiko alikokaa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai. Habari zake zimehifadhiwa na Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja kama mwandishi wake, katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Kitabu hicho husomwa kwa ajili ya wafalme na vita vyao, na ni haki. Walakini mji huo una historia nyingine isiyo na mwandishi wake, nayo ni historia ya pombe. Sehemu kubwa ya historia hiyo haina budi kutafutwa katika maneno yenyewe.

Neno pombe, kwa asili ya matumizi yake, ni kinywaji cha nafaka, cha bara. Watu wa pwani walikuwa na tembo la mnazi, na Wasambaa wa milimani wana boha, itokanayo na miwa. Kupika pombe ya nafaka ni kazi ya siku kadhaa. Mtama au mahindi huloweshwa, yakaachwa yachipuke, yakaanikwa na kusagwa yakawa kimea. Ndipo huja kupika, kupoza, kutia kimea na kungoja. Kabla haijachachuka huwa togwa, ambayo hata mtoto hunywa. Jambo la kukumbukwa ni kwamba kazi hii yote haiwezekani pasipo ziada ghalani. Mwaka wa njaa haukuwa na pombe, au aliyeipika alionekana na jirani zake wote kuwa anachezea chakula. Tena pombe hiyo haikai: ikipita siku chache huwa siki. Basi ilinyweka kwa pamoja na kwa sababu, kama vile mavuno, arusi, matambiko, au kuwashukuru waliosaidia kulima.

Isidhaniwe kwamba wazee hawakulewa. Kitenzi kulewa ni cha zamani, nacho kinabeba pia maana ya kuyumba na kuona kizunguzungu, kama mtu aliyemo chomboni siku ya mawimbi. Mlevi alikuwako na alichekwa. Ila ghala lilimwekea mpaka ambao yeye mwenyewe hakuweza kujiwekea.

Kimweri alipokufa mwaka 1862, ufalme wa Usambara ulivunjika kwa ugomvi wa wanawe na wajukuu. Semboja hakukaa Vugha milimani. Alikaa uwandani, kando ya njia ya misafara, na nguvu zake zilikuwa ni bunduki na baruti zilizopanda kutoka pwani, na pembe na watu walioteremshwa kwenda huko. Katika biashara ya pwani ya namna hiyo vinywaji vikali vya Ulaya vilikuwamo. Lugha yenyewe ni shahidi: mvinyo limetokana na Kireno, nalo katika Kiswahili cha karne iliyopita lilimaanisha kinywaji kikali chochote cha chupa, si cha zabibu tu. Mataifa yalipokutana Brussels na kutia sahihi mkataba wa mwaka 1890, mkataba huohuo mmoja ulishughulikia biashara ya watumwa, silaha na pombe kali, kwa nchi zote za Afrika zilizo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Mtu wa Mazinde asingeona ajabu kuviona vitu hivyo vitatu katika karatasi moja. Semboja alifariki mwaka 1895, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuishika nchi.

Mageuzi makubwa, hata hivyo, hayakuletwa na chupa. Yaliletwa na mshahara. Mwaka 1893 mche wa mkonge uliletwa kutoka Florida na Richard Hindorf. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Mwaka 1905 reli ya Tanga ilifika Mombo, ikaendelea kupita Mazinde na kufika Moshi mwaka 1911. Palipokuwa na misafara pakawa na mistari ya mkonge, na Mazinde likawa jina la shamba. Wafanya kazi walitoka mbali, kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, wakaitwa manamba, yaani watu waliohesabiwa kwa namba. Wengi walikuja bila wake zao na bila wazee wao.

Hesabu ya kazi iliandikwa katika kipande. Siku 30 za kazi zikitimia, ndipo mtu alipwe. Na siku asiyokwenda kazini haikuhesabiwa. Yafaa kufikiri jambo hili kwa makini, maana ndilo kiini cha mambo. Mtu aliyekatiwa posho ya chakula na kukaa zaidi ya mwezi bila fedha alipokea zote kwa mara moja, mbali na mke, mbali na ghala, mbali na mjomba awezaye kumwambia basi. Nje ya kambi pombe ilikuwa tayari, kwa kuwa wapikaji walijua tarehe. Kinywaji kilichokuwa kikifuata msimu wa mvua sasa kilifuata dirisha la malipo. Tena hakikugawiwa, kilipimwa kwa kata na kulipiwa. Maneno mapya yaliingia pamoja na desturi mpya: kilabu, nyumba ya kunywea yenye leseni, na baadaye baa. Ni kilabu hicho, si mvinyo wa Ulaya, kilichowapa watoto wengi wa uwanda ule baba asiyerudi na mshahara.

Sheria za wakati ule zilitazama pengine. Hati ya udhamini wa Tanganyika ya mwaka 1922 iliitaka serikali idhibiti kwa ukali silaha na pombe kali, nayo ilitii kwa kutenga watu kwa rangi: pombe ya kienyeji kwa Mwafrika, ya chupa kwa Mzungu. Makatazo hayo hayakuwafunza watu kiasi, yaliwafunza kukeneka. Pombe iliyokenekwa iliitwa moshi, kwa mvuke wake, na gongo, kwa jinsi impigavyo mtu. Sheria ya mwaka 1966 ililiingiza neno moshi katika kitabu cha sheria na kuutia utengenezaji wake chini ya leseni. Gongo lina sifa moja ambayo pombe ya kimea haina: halichachi. Laweza kufichwa, kusafirishwa, kunywewa na mtu mmoja peke yake, alfajiri, bila arusi wala mavuno.

Madhara yake mwilini yanajulikana. Ini la mnywaji wa miaka mingi hujaa makovu na kusinyaa, kifua kikuu humpata kwa urahisi zaidi, mimba huathirika, na tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameihesabu pombe miongoni mwa visababishi vya saratani. Shirika hilo lilikadiria vifo milioni 2.6 duniani kwa sababu ya pombe katika mwaka 2019. Vifo vya ghafula, kama vile vya Nairobi Novemba 2000, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe haramu, hutokana na methanoli, ambayo kwa kawaida hutiwa na muuzaji mwenye tamaa kuliko kutoka katika mtambo wenyewe. Vifo hivyo huandikwa magazetini. Ini halina mwandishi.

Kiswahili kimemwita mtu huyu mlevi, neno la tabia, lililo jirani na mwizi na mwongo. Katika miaka ya karibuni matabibu wameanza kusema mraibu na uraibu, wakimaanisha ugonjwa unaotibika. Tofauti si ndogo: mlevi huonywa, mraibu hupelekwa hospitali. Lakini neno jipya halijafika vilabuni, na mke wa mnywaji bado huambiwa avumilie.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ya mtoto wa shule. Ilikuwa amri njema, na iliyochelewa. Kwa gongo mambo ni magumu zaidi, maana mpikaji wake mara nyingi ni mwanamke mwenye watoto asiye na shamba wala kipande, na fedha iliyotoka katika nyumba moja kwa njia ya ulevi huingia katika nyumba ya pili ikawa ada na daftari. Askari wakija, pipa na mrija wake havifichiki, na huyo mwanamke ndiye akamatwaye. Wanywaji huwa wamekwisha kutawanyika.