Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyevuma ughaibuni

Ayub Ogada, aliyejulikana awali kama Job Seda, alikuwa mwanamuziki wa Kenya aliyeifikisha nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, katika majukwaa ya kimataifa. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 na sehemu ya utoto wake aliishi Marekani.

Katika miaka ya 1970 alikuwa katika bendi ya Black Savage, na mwaka 1979 alishiriki kuunda African Heritage Band, iliyochanganya ala za jadi na za kisasa. Mwaka 1986 alihamia Uingereza, akawa anapiga nyatiti mitaani London ili kujikimu. Miaka miwili baadaye alitumbuiza katika tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ikatoa albamu yake, En Mana Kuoyo.

Wimbo wake Kothbiro, yaani mvua yaja, ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener (2005). Mwaka 2018, Kanye West alitumia sehemu ya toleo la Black Savage katika Yikes. Hivyo wengi waliupenda wimbo bila kumjua mwenyewe.

Ogada alirejea Kenya mwaka 2007, na akafariki dunia Nyahera, Kisumu, Februari 1, 2019.