Donda la Titi na Dawa Zake Tangu Zamani

Herodotus, Myunani aliyeandika habari za kale, ametuachia kisa cha Atossa, binti Koreshi na mke wa Dario, wafalme wa Uajemi tuwasomao katika Biblia. Malkia huyu alitokwa na uvimbe katika titi. Ulipokuwa mdogo aliuficha kwa haya, asimwambie mtu. Hata ulipopasuka na kuenea, ndipo alipomwita mganga Democedes, naye akamponya. Herodotus hakuutaja jina ugonjwa ule, lakini haya ile twaifahamu hata sisi.

Saratani ya titi ikiachwa huweza kuingia ngozini. Hutoa vinundu, kisha donda lisilofunga. Kwa karne nyingi waganga walikuwa na kisu na moto tu; nacho kisu hukata paonekanapo, kumbe ugonjwa umekwisha kupita.

Mwaka 1895, mjini Glasgow, daktari George Beatson alijaribu njia nyingine. Alikuwa amejifunza kwamba wafugaji wa nchi fulani huwaondoa ng'ombe ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, ili maziwa yasikauke upesi. Akafahamu kwamba ovari na titi vina uhusiano. Basi akaziondoa ovari za mwanamke ambaye saratani ilimrudia kifuani baada ya kukatwa; vinundu vikatoweka, naye akaishi miaka kadhaa. Si wote walioponyeka hivyo, kwa kuwa saratani nyingine hulishwa na homoni za mwili na nyingine sivyo. Tangu miaka ya 1970 vidonge vya tamoksifeni huizuia homoni hiyo pasipo kisu.

Kwetu Arusha na Meru, wagonjwa wengi waliohitaji mionzi walisafiri hadi Dar es Salaam, katika hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani, ambayo mwaka 1996 ilifanywa taasisi ya saratani. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, nayo hutibu saratani kwa dawa. Na hospitali ya Kilutheri ya Selian imewatuma wauguzi kuwatunza wagonjwa majumbani mwao.

Saratani iliyokwisha kuingia ngozini ni vigumu kuimaliza, lakini yazuilika. Dawa na mionzi huweza kulipunguza donda. Metronidazo ikipakwa hupunguza harufu. Mofini hutuliza maumivu. Kwa hiyo mgonjwa asitengwe chumba cha nyuma kwa ajili ya harufu. Nanyi akina mama, uvimbe wa titi mara nyingi hauumi mwanzoni. Msingoje uume ndipo mseme.