Litungu la Wakurya na Jina la Fundi Wake

Ala ya nyuzi ambayo Wakurya wa wilaya za Tarime na Serengeti huiita iritungu imeingia katika Kiswahili cha Tanzania kwa umbo la litungu, ingawa wapo wanaosema ritungu. Iri- ni kiambishi cha ngeli, na kinalingana na li- ya Kibukusu, lugha ya Mlima Elgon, ambako ala ya jamii hiyohiyo huitwa pia litungu. Wagusii, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu kabisa wa Kikurya, wana ala hiyo lakini huiita obokano. Hapa jina halikufuata udugu wa lugha. Kwa mtazamo wangu, lilifuata ala yenyewe na watu waliotembea nayo.

Ifahamike kwamba litungu si “gitaa la asili”, kama linavyotangazwa mara nyingi majukwaani. Gitaa lina shingo. Mpigaji hubana uzi juu ya shingo hiyo, na uzi mmoja hutoa sauti nyingi. Litungu halina shingo. Lina bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayochomoza kutoka humo, na mti uliokingama juu ya mikono hiyo, ambako nyuzi nane hukazwa. Kila uzi una sauti yake. Ala za umbo hilo hupatikana Sudan, Ethiopia, Uganda na Kenya, na nchi ya Wakurya iko karibu na ukingo wake wa kusini. Kama kuna deni baina ya ala hizi mbili katika eneo letu, basi mdaiwa ni gitaa: wapiga benga wa Kijaluo walihamishia kwenye gitaa mbinu za nyatiti, ala ya nyuzi nane iliyo jamaa wa litungu.

Ulaya nayo ilikuwa na jamaa wa ala hii. Katika majira ya baridi ya 2001/2002, huko Trossingen, kusini mwa Ujerumani, kaburi la karne ya 6 lilifukuliwa na ndani yake ikapatikana ala ya mikono miwili na nyuzi sita, ikiwa karibu nzima. Wajerumani waliiacha aina hiyo karne nyingi zilizopita, wakashika fidla na baadaye gitaa. Lakini historia ya mafundi wao imeandikwa kwa majina na tarehe. Mwaka 1677 mafundi 12 wa fidla, wakimbizi wa dini kutoka Bohemia, waliunda chama chao huko Markneukirchen. Mwaka 1833 Christian Friedrich Martin alihamia Marekani kutoka mji huohuo, baada ya ugomvi mrefu baina ya mafundi wa fidla na maseremala kuhusu nani ana haki ya kutengeneza magitaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walifukuzwa Schönbach, mji ambao leo ni Luby katika Jamhuri ya Cheki. Fred Wilfer akawakusanya mafundi waliotawanyika, na mwaka 1946 akaanzisha kampuni ya Framus huko Franconia. Kampuni hiyo ilikua sana katika miaka ya 1960, ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, na jina lake likafufuliwa mwaka 1995 na mwanawe, Hans-Peter. Mwenye gitaa la Framus la mwaka 1962 anaweza kujua limetoka kampuni gani.

Sasa tutazame jinsi wataalamu wa taifa hilohilo walivyoandika kuhusu ala zetu. Walikuwa watawala wa Mara. Ngome yao ya Ikoma imo Serengeti. Bernhard Ankermann alichapa uchunguzi wake wa ala za muziki za Afrika mwaka 1901. Max Weiss, ofisa wa jeshi, aliwaeleza Wakurya katika kitabu cha mwaka 1910. Mwaka 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs walitoa mpango wa kuainisha ala zote za dunia, unaotumika hadi leo katika makumbusho. Humo litungu huangukia namba 321.21. Sina ugomvi na namba hiyo. Ni kazi ya kisayansi iliyo bora. Lakini utaratibu huo wote ulizoea kuandika kabila mahali ambapo Markneukirchen wangeandika jina la mtu.

Sisi tulio katika taaluma ya Kiswahili tumeliongezea kosa hilo uzito. Tukitafsiri, tunaandika “kinubi”, neno ambalo umbo lake linaelekeza kwa Wanubi, na ambalo msomaji wetu hulihusisha na Daudi wa Biblia. Tarime inapotea humo. Aidha, shule zetu hazifundishi kwa Kikurya, na fundi hawezi kumrithisha kijana kazi yake bila maneno yake: jina la mti unaofaa bakuli, namna ya kulainisha ngozi, kila uzi na nafasi yake. Maneno hayo hayapatikani kwa kufukua kaburi, kama mbao za Trossingen.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila litungu litakaloingia katika makumbusho au chuo chochote nchini liandikiwe karatasi yenye maswali manne. Nani alilichonga? Katika kijiji gani? Kwa mti upi? Sehemu zake anaziitaje kwa Kikurya? Mwanafunzi mmoja mwenye daftari na kinasa sauti anaweza kuanza na Sirari na Mugumu wakati wa likizo.