Selfu, Stata, Demarere: Historia ya Kipuri Kimoja kati ya Mbarara na Nakivale

Historia ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale huandikwa kwa kuhesabu watu waliofika na misaada waliyopewa. Insha hii inafuata njia nyingine. Inachunguza mota ndogo inayowasha injini ya gari, na ujuzi wa mafundi wanaoifufua inapokufa. Hoja yangu ni kwamba ujuzi huo ni ushahidi wa kihistoria. Unaonyesha watu walikotoka, njia zilizowaleta spea, na maamuzi ya serikali yaliyowabana. Ushahidi huu hauko katika makabrasha ya ofisi yoyote, kwa hiyo fundi akifa au akihama, unaondoka naye.

Tuanze na majina. Katika gereji za Mbarara kipuri hiki huitwa selfu au stata, maneno yaliyotoka kwenye Kiingereza. Fundi aliyejifunzia kazi Bukavu au Goma hukiita demarere, kutoka Kifaransa. Gia yake ndogo wote huiita bendiksi, jina la Vincent Bendix, Mmarekani aliyeieneza gia ya namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Muundo wa Bendix wenyewe umekwisha kuachwa katika magari mengi, lakini jina lake limebaki. Basi fundi wa Nakivale akisema kwamba bendiksi ya demarere imeisha meno, sentensi hiyo fupi imebeba kiwanda cha Marekani, utawala wa Mbelgiji Kongo, na sarufi ya Kiswahili.

Kabla ya mota hii, gari liliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini. Injini ikirudisha nguvu ghafla, hendeli iliweza kuvunja mkono. Mwaka 1911 Charles Kettering wa Dayton, Ohio, alitengeneza kiwashio cha umeme, na Cadillac ya mwaka 1912 ikauzwa nacho. Kettering aliwahi kutengeneza mota ya umeme ya mashine za kuhesabia fedha dukani. Alitambua kwamba mota ndogo inaweza kufanya kazi kubwa kupita kiasi chake mradi ifanye kwa sekunde chache tu. Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini selfu huharibika: huvuta umeme wa ampea 100 na zaidi kwa mara moja, na kila uwashaji hula kidogo shaba na kaboni zilizo ndani yake.

Magharibi mwa Uganda gari lilikuwa na uzito wa pekee. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 haikupita Mbarara, hivyo mji huu ulitegemea barabara. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Walioondoka ndio waliokuwa wameshika sehemu kubwa ya biashara ya magari na vipuri, na bidhaa kutoka nje zikaadimika nchi nzima. Kisha vita na Tanzania vikafika Mbarara mapema mwaka 1979 na kuubomoa vibaya mji huo. Katika miaka kama hiyo, kuagiza selfu mpya lilikuwa jambo la wachache. Aliyetaka gari litembee alimtafuta mtu wa kuifungua ile ya zamani.

Nakivale ilikuwapo wakati huo wote. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Wengi wao walirudi baada ya 1994, na nafasi zao zikachukuliwa na Wakongomani waliokimbia vita vya 1996 na 1998, Wasomali, Waethiopia, na baadaye Warundi wa mwaka 2015. Wapo waliokuja na ufundi kichwani. Kongo, Rwanda na Burundi magari hupita kulia na usukani uko kushoto. Uganda ni kinyume chake. Lakini usukani ukihama, selfu hubaki palepale injini inapokutana na gia boksi. Huu ni ujuzi unaovuka mpaka bila kuhitaji viza wala tafsiri.

Kazi yenyewe huanza kwa sikio. Dereva akigeuza ufunguo, taa zikafifia sana, kosa linatafutwa kwanza kwenye betri na vichwa vya nyaya. Ukisikika mlio mmoja wa "ta!" na taa zisififie, shaka huhamia kwenye vikontakti vya shaba ndani ya solenoidi, au burashi za kaboni zilizokwisha. Mota ikilia kwa kasi bila kuzungusha injini, bendiksi imechoka. Fundi hufungua, husafisha komyuteta kwa msasa laini, hubadilisha bushi zilizolegea. Burashi za saizi ile zisipopatikana, huchukua za gari jingine akazisugua mpaka zikae. Vikontakti vilivyolika upande mmoja huweza kugeuzwa ili upande mzima ufanye kazi. Spea isiyopatikana Base Camp hutafutwa Mbarara, na hapo kazi moja huunganisha soko la wakimbizi na soko la mji.

Mtu anaweza kupinga kwamba huu ni umaskini tu, na kwamba mwenye fedha angenunua selfu nyingine. Pingamizi hilo lina ukweli, na selfu iliyotengenezwa vibaya inaweza kuunguza nyaya. Hata hivyo, umaskini unaeleza kwa nini mtu analazimika kutengeneza. Hauelezi anajuaje. Kujua kunatokana na mafunzo ya fundi kwa mwanafunzi wake, na hiyo ndiyo historia tunayoiruka.

Historia hiyo sasa iko hatarini. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza Uganda magari yaliyozidi miaka 15. Magari yenye gia otomatiki hayawashwi kwa kusukumwa, na mengi mapya yana mifumo ya kielektroniki isiyojulikana kwa sikio peke yake. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi, lakini fundi aliyejifunza chini ya mwembe huko Uvira hana cheti cha kumwonyesha mwajiri wa mjini. Anaweza kuifungua selfu gizani na bado akahesabiwa kuwa mtu asiye na ujuzi.

Sisi wanafunzi wa historia tunaweza kufanya jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu: kwenda gereji na daftari, kuandika nani alimfundisha nani, wapi, kwenye gari gani, na kwa maneno gani. Wahadhiri wetu wakikubali masimulizi ya namna hiyo kuwa chanzo halali cha utafiti, Nakivale itapata sura katika vitabu ambamo wakazi wake wanaonekana wakifanya kazi.