Mkasi wa Bati wa Mirongo

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba ufundi wa chuma kando ya Ziwa Victoria ulikufa pale majembe ya Ulaya yalipoingia. Nilimpa alama nzuri, kwani ndivyo tunavyofundisha. Usiku nikakosa raha, maana mimi mwenyewe nimesomeshwa na chuma hicho kinachodaiwa kufa.

Baba yangu mdogo ni fundi bati, Mirongo, jijini Mwanza. Karakana yake ni ua wa nyumba ya kupanga, karibu kabisa na mto ulioipa mitaa ile jina. Ana mkasi wa bati, patasi, nyundo mbili, msumari wa kuchorea, na kipande cha reli anachokitumia kama fuawe.

Nianze na hicho kipande cha reli. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo bidhaa nyingi zilipitia Kisumu, ambako reli kutoka Mombasa ilifika mwaka 1901, kisha zikavushwa ziwani kwa meli. Miongoni mwa bidhaa hizo yalikuwamo mafuta ya taa, yaliyosafirishwa ndani ya madebe. Hata neno debe tulilipokea kutoka Uhindini, tukalifanya kipimo cha mahindi, chombo cha kutekea maji, na siku hizi kazi ya watu wa stendi. Debe lilipotoboka kabisa, likaenda kwa fundi bati.

Ni kweli kwamba uyeyushaji wa chuma ulififia. Katuruka, karibu na Bukoba, watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Warongo wa Uzinza walifua majembe yaliyouzwa mbali katika karne ya 19. Hayo yamo vitabuni. Kisichomo ni kwamba taka ya bidhaa iliyoletwa kutoka nje iligeuka malighafi, tena mikononi mwa watu wasio na tanuri wala mtaji.

Na kazi yenyewe si ya kubahatisha. Kwanza debe hukatwa kifuniko na kitako kwa patasi, kisha hupasuliwa pembeni mwa mshono, likakunjuliwa na kusawazishwa kwa nyundo ya mti. Mstari huchorwa kwa msumari. Mkono wa kushoto huzungushiwa kitambaa, kwa sababu ukingo mpya wa bati hukata kama wembe (kovu la kidole changu ni ushahidi). Katika duara, fundi hugeuza bati zaidi kuliko mkasi, akikata nje kidogo ya mstari kwanza, kisha akirudia juu yake. Kosa la kila anayeanza ni kuufunga mkasi mpaka nchani. “Usiufunge, mwanangu,” aliniambia mara zisizohesabika, “ukiufunga bati linaota meno.” Mkasi husogezwa mbele ungali wazi kidogo. Ukingo hukunjwa, mshono ukafungwa na kupigwa lehemu. Hapo umepata kibatari, funeli au trei ya mikate.

Mafundi hao wana hesabu yao pia: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Namba ikipanda, bati hupungua. Nimewahi kukutana na wahitimu wa chuo waliobisha jambo hilo.

Dola iliwaona vipi? Mwaka 1973 iliundwa SIDO ili kukuza viwanda vidogo. Miaka kumi baadaye, 1983, ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, iliyokusudia kuwaondoa mijini watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi. Ndiyo miaka ambayo maduka yalikuwa matupu na kibatari kilitafutwa kama sukari. Baba mdogo hakuwa na kitambulisho cha mwajiri. Siku ya msako alijificha kwa jirani, na mkasi akaufukia kwenye pumba. Aliporejea uani alikuta wateja wawili wanamsubiri. Kwa sheria alikuwa mzururaji. Kwa wateja wale alikuwa ndiye kiwanda.

Kenya walibahatika zaidi: mwaka 1977 Kenneth King alichapisha kitabu kizima juu ya mafundi wao, na watengeneza taa za bati wamo. Sisi tumeandika mengi kuhusu viwanda vya umma na kubinafsishwa kwake, na ni sawa. Lakini tumekubali bila kuuliza kipimo cha afisa wa mwaka 1983: pasipo mwajiri na jalada, hapana kazi, na kwa hiyo hapana historia. Nami nilikubali, huku ada yangu ya sekondari ikitoka kwenye vibatari.

Nimemrudishia mwanafunzi insha yake bila kubadili alama. Jumamosi nitampeleka Mirongo. Baba mdogo, ambaye macho yake sasa yamefifia, aliniuliza kijana huyo anakuja kuandika nini. Nikamjibu kwamba anakuja kwanza kukata. “Basi aje na kopo lake,” akasema, “na kitambaa.”